Pambizo la Sentensi: Historia ya Taarifa za Hiari katika Batli ya Kiini cha Linux na Maana Yake kwa Uswahilishaji

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya taarifa za ziada ambazo mtumiaji anaweza kuzitaka au kuziacha katika ujumbe unaoandikwa na kiini cha mfumo endeshi wa Linux: wakati, jina la moduli, funksheni, namba ya mstari na utambulisho wa uzi unaosema. Tunaonyesha kwamba pendekezo la kuupa kila ujumbe utambulisho wa kudumu na maelezo yake lilikwama mwaka 2008, na kwamba njia iliyoshinda ilikuwa ya kuiacha sentensi kama ilivyo na kuizungushia ukweli mdogomdogo. Hoja yetu ni kwamba kwa lugha yenye ngeli kama Kiswahili, ukweli huo wa pambizoni una thamani kuliko tafsiri ya sentensi yenyewe.

Utangulizi

Mjadala wa Kiswahili na kompyuta katika ukanda wetu umejikita kwa muda mrefu kwenye kile kinachoonekana mbele ya mtumiaji wa kawaida: menyu, vitufe, na visanduku vya kuuliza ndiyo au hapana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuwa wa aina hiyo na ulistahili sifa uliyopata. Tangu hapo mazingira ya kisera yamebadilika sana. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha uamuzi wa namna hiyo mwaka 2022. Swali la nini kitafsiriwe sasa linaulizwa na serikali zenye bajeti, na wanaoshauri serikali hizo mara nyingi hutaka jibu fupi: vyote.

Jibu hilo linasahau kwamba chini ya menyu kuna maandishi mengine. Kila simu ya Android iliyopo Kigali, Kampala au Bujumbura inaendeshwa na kiini cha Linux, na kiini hicho huandika. Huandika kinapoamka, kinapogundua kifaa kipya, kinapokosa nafasi, na kinapokaribia kufa. Maandishi hayo ni ya Kiingereza, ni mafupi mno, na hayakuandikwa kwa ajili ya mtumiaji. Hata hivyo, ndiyo ushahidi pekee unaobaki pale seva ya hospitali au ya mamlaka ya mapato inaposimama usiku bila sababu inayojulikana. Anayeweza kuyasoma anaweza kutengeneza. Asiyeweza humpigia simu mkandarasi wa nje.

Neno moja lifafanuliwe kabla ya kuendelea. Programu nyingi zilizoswahilishwa hutumia ‘kumbukumbu’ kwa maandishi ya aina hii. Neno hilo limekwisha kuchukuliwa na sehemu ya mashine inayohifadhi data kwa muda, na kulitumia kwa vyote viwili katika makala inayozungumzia maandishi yaliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu ni kumtesa msomaji. Tumechagua ‘batli’, neno la mabaharia wa pwani kwa daftari ambamo nahodha huandika mwenendo wa safari. Neno la Kiingereza nalo lilianzia baharini, kwenye kipande cha gogo kilichotupwa majini ili kupima kasi ya chombo. Hivyo tunakopa kutoka bahari ileile, na tunakopa kilicho chetu.

Mabomba mawili ya historia

Batli ya kompyuta za leo ina asili mbili ambazo hazikupendana. Ya kwanza ni ya mashine kubwa za IBM. Katika familia ya OS/360, iliyotangazwa mwaka 1964, ujumbe ulikuja na utambulisho wake mbele: herufi za sehemu ya mfumo inayosema, namba, kisha herufi moja iliyomwambia mwendeshaji afanye nini. IEF450I, kwa mfano, ilitoka katika sehemu inayopanga kazi, na herufi I ya mwisho ilimaanisha kwamba ni taarifa tu. Herufi A ingemtaka achukue hatua, na D ingemtaka aamue. Mwendeshaji alichukua utambulisho huo, akafungua kitabu cha ujumbe na misimbo, akasoma aya nzima ya maelezo: sababu, alichofanya mfumo, anachopaswa kufanya yeye. Sentensi iliyokuwa kwenye karatasi ya mashine ilikuwa kichwa cha habari, na habari yenyewe ilikuwa kitabuni.

Ya pili ni ya Unix. Ken Thompson na Dennis Ritchie hawakuwa na waendeshaji wa kuwaandikia vitabu. Waliandika kwa ajili yao na wenzao waliokuwa chumba kilekile. Katika toleo la sita la mwaka 1975 kiini kina funksheni ndogo ya kuchapa, nakala iliyopunguzwa ya ile ya kawaida, na maelezo ndani ya msimbo yanaonya kwamba wakati inachapa kwenye mashine ya mwendeshaji, shughuli nyingine zote za mfumo husimama karibu kabisa. Onyo hilo linaeleza mtindo mzima wa lugha ya Unix. Ikiwa kila herufi inasimamisha mashine, mtu hujifunza kusema kwa ufupi. Ufupi ambao wasomaji wa baadaye wameuita utamaduni au hata ujeuri ulikuwa, mwanzoni, gharama iliyohesabiwa.

Linux ilirithi upande wa pili. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kutoka jamii ya Wafini wanaozungumza Kiswidi, alitoa toleo 0.01 mwezi Septemba 1991, na ndani yake tayari kuna funksheni ya kuchapa inayoitwa printk. Herufi k inaitenganisha na ile ya kawaida, kwa sababu ndani ya kiini ile ya kawaida ingeweza kuchukua data kutoka sehemu isiyo yake. Mtafiti wa lugha hawezi kupita hapa bila kutambua jambo moja: ujumbe wa Kiingereza unaotutatiza leo ulianza kuandikwa na mtu ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Vivyo hivyo kwa wengi waliomfuata, Wajerumani, Wajapani, Wahindi, Wabrazili. Kiingereza cha kiini ni lugha ya soko. Kina msamiati mdogo, hakina vitenzi vingi, na hakijali sarufi. Anayekihukumu kwa vigezo vya riwaya hakielewi.

Kile kilichoongezwa kwanza kilikuwa uzito wa ujumbe. Kutoka kwa syslog, ambayo Eric Allman aliiandika Berkeley katika miaka ya 1980 akiwa katika mradi wa barua pepe wa Sendmail, Linux ilichukua ngazi nane, kuanzia 0 ya dharura hadi 7 ya utatuzi. Ngazi iliandikwa mwanzoni mwa ujumbe kama tarakimu kati ya mabano ya pembe, na msomaji aliweza kuamua ngazi zipi zimfikie kwenye skrini. Baadaye ikaongezwa hiari ya kuandika wakati, sekunde na sehemu za milioni za sekunde tangu kiini kilipoamka. Sentensi yenyewe haikuguswa katika hatua zote mbili. Ilipewa kitu cha kuvaa.

Kwa nini hiari

Msomaji asiye wa fani anaweza kuuliza: ikiwa taarifa hizo zinasaidia, kwa nini zisiwepo siku zote? Jibu ni la hesabu. Seva nyingi bado huunganishwa na mtazamaji wake kwa waya wa mfuatano. Kwa kasi ya 9600, waya huo hupitisha takriban herufi 960 kwa sekunde, kwa kuwa kila herufi hubebwa na biti kumi. Ujumbe wa herufi 80 unachukua zaidi kidogo ya mililisekunde 83. Ukiuongezea herufi 40 za jina la moduli, funksheni na namba ya mstari, umeuongezea nusu ya muda wake, na prosesa inayouchapa inaweza kulazimika kusubiri. Kwa kasi ya 115200 hali ni nafuu mara kumi na mbili, lakini kiini chenye shughuli kinaweza kutoa maelfu ya ujumbe kwa muda mfupi.

Kuna gharama ya pili, ya nafasi. Batli hukaa katika eneo la kumbukumbu linalozunguka kama gurudumu: likijaa, ujumbe mpya hufuta wa zamani kabisa. Ukubwa wa kawaida ambao umetumika kwa miaka mingi ni baiti 131,072. Kila neno la ziada linaloandikwa leo linafuta neno la jana, na mara nyingi chanzo cha ajali kipo katika neno la jana.

Kwa sababu hizo watengenezaji walizoea kuandika ujumbe wa utatuzi kisha kuuzima kabla programu haijageuzwa kuwa lugha ya mashine. Ujumbe uliozimwa hivyo haukuwa na gharama yoyote, kwa maana kwamba haukuwepo. Mtu aliyepata hitilafu Mombasa kwenye mashine aliyonunua tayari imesanidiwa hakuweza kuuwasha. Ilimbidi apate msimbo chanzo, aujenge upya, aiwashe mashine upya, na asubiri hitilafu irudi. Na hitilafu, kama deni la jirani, hairudi unapoisubiri.

Mwaka 2008: njia panda

Mwaka 2008 njia hizi mbili za historia zilikutana ndani ya Linux, na tunashangaa kwamba watafiti wa lugha hawajauandikia zaidi mwaka huo.

Upande mmoja alisimama Martin Schwidefsky, mhandisi wa IBM nchini Ujerumani aliyetunza sehemu ya Linux inayoendeshwa kwenye mashine kubwa za kampuni hiyo. Wateja wake walitoka katika ulimwengu wa IEF450I. Walizoea kupata ujumbe, kutafuta utambulisho wake, na kusoma maelezo. Pendekezo lake lilikuwa la kiungwana: kila ujumbe wa viendeshi hivyo upewe jina la sehemu inayosema pamoja na tarakimu sita zinazokokotolewa kutokana na maneno ya ujumbe wenyewe. Maelezo marefu yaandikwe ndani ya msimbo chanzo, na programu ndogo iyatoe na kuyageuza kuwa kurasa za mwongozo. Kwa kuwa tarakimu zinatokana na maneno, hakuna anayehitaji kugawa namba kwa mkono, na neno likibadilika utambulisho nao hubadilika, jambo linalomlazimisha mwandishi ayaangalie upya maelezo yake.

Kwa mwanaisimu hili lilikuwa pendekezo la kamusi. Kidahizo kingekuwa tarakimu sita, na fasili ingekuwa aya ya maelezo. Fasili hiyo ingeweza kuandikwa kwa lugha yoyote, pembeni kabisa ya kiini, bila kumsumbua hata mtengenezaji mmoja. Kama lingepokelewa kote, Kiswahili kingekuwa na mlango.

Halikupokelewa kote. Pingamizi kubwa lilikuwa mzigo: nani angeandika na kutunza maelezo ya maelfu ya ujumbe unaobadilika kila toleo, katika mradi ambao watu huingia na kutoka? Pingamizi hilo halikuwa la dharau. Linafahamika kwa kila mtu aliyewahi kutunza kamusi ya istilahi ambayo fani yake haitulii. Kilichobaki kwenye msimbo rasmi ni jina la sehemu mbele ya ujumbe, likibebwa na alama iitwayo KMSG_COMPONENT, ambayo ilidumu katika mafaili ya usanifu huo kwa miaka mingi kama kizingiti cha nyumba ambayo haikujengwa.

Upande wa pili alikuwa Jason Baron wa Red Hat. Yeye hakujishughulisha na maana ya ujumbe. Alitaka ujumbe wa utatuzi uliokuwa ukifutwa uweze kubaki ndani ya kiini ukiwa umelala, na uamshwe mmoja mmoja wakati mashine inafanya kazi. Toleo la kwanza liliingia katika Linux 2.6.28 mwezi Desemba 2008, na lililoboreshwa, kwa jina la dynamic debug, katika 2.6.30 mwaka uliofuata. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Kila mahali penye ujumbe wa utatuzi, kiini huweka kadi ndogo yenye jina la moduli, jina la faili, jina la funksheni, namba ya mstari, na kiolezo cha sentensi. Kadi zote hukusanywa sehemu moja. Msimamizi anaweza kuzisoma kama orodha, na anaweza kuandika amri fupi kama ‘module usbcore +p’ ili ujumbe wote wa moduli hiyo uanze kusikika. Akichoka, anaandika alama ya kutoa badala ya kujumlisha, na ukimya unarudi.

Tunapenda kulitaja hili wazi: kadi hizo zilikuwa kamusi ambayo hakuna aliyeiita kamusi. Pendekezo la Schwidefsky lilikataliwa kwa sababu lilidai kazi ya ziada kutoka kwa waandishi. La Baron lilikubaliwa kwa sababu kadi zinajaza zenyewe.

Kiraka cha 2011 na swali la nani anasema

Katika hali yake ya kwanza utaratibu huo ulikuwa na upungufu. Kadi ilijua jina la funksheni na mstari, lakini ujumbe ulipochapwa haukuonyesha. Aliyewasha ujumbe mia aliona sentensi mia zisizo na anwani. Mwaka 2011 Bart Van Assche aliongeza bendera nne, zilizoingia katika toleo 2.6.39: m kwa moduli, f kwa funksheni, l kwa mstari, na t kwa utambulisho wa uzi. Msimamizi anayeandika ‘+pmfl’ hupata kila ujumbe ukitanguliwa na majina mawili na namba, vikitenganishwa kwa nukta mbili. Anayeandika ‘+p’ tu hupata sentensi tupu kama zamani. Mabadiliko hayo ni madogo kiasi kwamba historia nyingi za Linux hazina haja ya kuyataja.

Lakini angalia bendera ya t. Kiini hufanya kazi kwa niaba ya uzi fulani, na kwa kawaida namba ya uzi huo ndiyo huandikwa kati ya mabano. Wakati mwingine, hata hivyo, kifaa hukatiza: kadi ya mtandao inapiga hodi, prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, na kiini kinasema jambo kuhusu kadi hiyo. Uzi uliokuwepo wakati huo hauhusiki. Ulikuwa umesimama tu pale. Kuandika namba yake kungekuwa kumsingizia asiyesema. Kwa hiyo katika hali hiyo bendera ya t huandika alama maalumu ya katizo mahali pa namba. Katika isimu tungesema mtengenezaji ametofautisha msemaji na aliyekuwepo, tofauti ambayo masimulizi ya mdomo huitunza kwa uangalifu mkubwa na ambayo ripoti nyingi za ofisini huipoteza.

Swali hilohilo lilirudi miaka minane baadaye kwa sura nyingine. Mashine zilikuwa na prosesa nyingi, na kila moja iliweza kuandika wakati mmoja na nyenzake. Ripoti ndefu ya ajali kutoka prosesa moja ilichanganyika na ripoti ya nyingine, mstari kwa mstari, na msomaji hakuweza kuzitenganisha. Tetsuo Handa alipendekeza hiari iliyoingia katika toleo 5.1 mwaka 2019: kila mstari utanguliwe na herufi T na namba ya uzi, au herufi C na namba ya prosesa pale ambapo uzi hauhusiki. Ikiwashwa wakati wa kujenga kiini, batli inakuwa kama maandishi ya tamthilia, ambapo jina la mhusika hutangulia kila kauli.

Kati ya mabadiliko haya mawili, mwaka 2012, Kay Sievers alibadilisha muundo wa ndani wa batli katika toleo 3.5. Tangu hapo kila ujumbe ni rekodi yenye namba ya mfuatano, na unaweza kubeba jozi za jina na thamani ambazo msomaji wa kawaida hazioni isipokuwa azitake. Jozi mbili zilizoenea ni SUBSYSTEM na DEVICE, zinazosema kifaa ni cha kundi gani na kinatambulikaje. Tutazirudia, maana ndizo zenye faida kubwa kwetu.

Si kila nyongeza ilikuwa heri. Kwa miaka mingi ujumbe wa utatuzi ulichapa anwani za kumbukumbu za kiini waziwazi, na anwani hizo zilikuwa ramani mkononi mwa anayetaka kuvunja. Toleo 4.15, Januari 2018, lilibadilisha jambo hilo: anwani zinazochapwa kwa njia ya kawaida hufichwa nyuma ya thamani iliyovurugwa. Kabla ya hapo iliongezwa pia hiari ya kuwazuia watumiaji wasio wasimamizi wasisome batli kabisa. Washauri wa sera wanaoandika masharti ya ununuzi wa mifumo ya serikali wanapaswa kuyasoma mambo haya pamoja. Sharti la kwamba mfumo uweze kuwashiwa taarifa za utatuzi bila kujengwa upya ni sharti jema, na bila sharti la pili kuhusu nani anaruhusiwa kuzisoma, ni mlango ulioachwa wazi.

Kamusi inarudi

Mwezi Oktoba 2021, katika toleo 5.15, Chris Down, aliyekuwa akifanya kazi Facebook, aliingiza faharasa ya ujumbe wa printk. Sababu yake haikuwa lugha. Kampuni yenye seva nyingi sana huweka programu zinazosoma batli na kutafuta maneno fulani. Mtengenezaji akisahihisha tahajia ya neno moja, programu hiyo hukaa kimya bila mtu kujua kwamba imekuwa kiziwi. Faharasa huorodhesha kila kiolezo cha ujumbe kilichomo ndani ya kiini, pamoja na ngazi, faili, mstari na funksheni, ili orodha ya toleo la zamani iweze kulinganishwa na ya jipya. Hakuna aliyeahidi kwamba maneno hayatabadilika. Kilichotolewa ni uwezo wa kujua yamebadilika wapi.

Hivyo kile kilichokataliwa mwaka 2008 kilirejea baada ya miaka kumi na mitatu kwa mlango wa nyuma, bila maelezo, bila tarakimu sita, kikijijaza chenyewe kama kadi za Baron. Kwa lugha zisizo Kiingereza hii ni mara ya kwanza tangu 1991 kwamba orodha kamili ya kile kiini kinachoweza kusema kupitia printk inapatikana kutoka kwenye kiini chenyewe.

Pengo na ngeli

Sasa tuangalie kwa nini tunapinga tafsiri ya moja kwa moja. Kiolezo cha ujumbe ni sentensi yenye mapengo, na pengo huandikwa %s kwa neno au %d kwa namba. Chukua kiolezo cha kubuni chenye maana kwamba kitu fulani hakipo tayari. Kiingereza kinahitaji pengo na maneno mawili. Kiswahili kinahitaji kujua ni kitu gani. Diski haiko tayari, kiendeshi hakiko tayari, mchakato hauko tayari. Na faili, kwa wengine haliko, kwa wengine haiko. Kitakachojaza pengo ni ‘sda’ au ‘eth0’, majina yasiyo na ngeli yoyote. Mfasiri anayefanya kazi na jedwali la sentensi pekee hana cha kumwongoza, na tumeona katika programu nyingi zilizoswahilishwa matokeo yake: upatanisho wa ngeli moja uliolazimishwa kwa kila kitu, unaosomeka kama Kiswahili cha mgeni.

Hali ni mbaya zaidi kwa ujumbe unaochapwa vipandevipande, ambapo funksheni moja huanza sentensi, nyingine huiendeleza, na kimoja kati ya vipande kinaweza kukosekana. Vipande hivyo haviwezi kutafsiriwa, kwa kuwa mpangilio wa Kiswahili hautaki viambajengo vije kwa utaratibu uleule.

Kuna pia jambo la kijamii. Sentensi ya Kiingereza ya kiini ni anwani. Fundi wa Arusha anapoinakili na kuitafuta, anaungana na mtu wa São Paulo aliyeipata jana. Ukiitafsiri ndani ya kiini, umemkata.

Kinachowezekana ni maelezo ya Kiswahili yanayokaa nje ya kiini, yakiongozwa na kile kilicho pambizoni. Hapa jozi za 2012 zinatufaa kwa namna ambayo waandishi wake hawakuikusudia. Thamani ya DEVICE huanza na herufi b kwa kifaa cha hifadhi, c kwa kifaa kinachopokea data herufi kwa herufi, n kwa kiolesura cha mtandao, na alama ya kujumlisha ikifuatiwa na jina la kundi kwa vingine. Herufi hiyo moja inatosha kuchagua nomino ya kutangulia. Penye n tunaandika ‘kiolesura eth0 hakiko tayari’. Penye b tunaandika ‘diski sda haiko tayari’. Nomino inabeba ngeli, jina la kifaa linafuata bila kudai lolote, na sentensi ya Kiingereza inabaki juu yake ikisomeka kama ilivyoandikwa. Kazi hiyo inaweza kufanywa na kikundi kidogo cha wanaisimu na wahandisi, na inaweza kuanza na viendeshi vichache vinavyopatikana kwenye seva za taasisi zetu.

Mipaka yake ijulikane. Jozi hizo huambatana na ujumbe unaotolewa kwa niaba ya kifaa. Ujumbe wa sehemu za ndani zaidi, kama usimamizi wa kumbukumbu au upangaji wa michakato, hauna DEVICE. Kwa huo itabidi kutegemea jina la faili na la funksheni kutoka katika faharasa ya 2021, na mwandishi wa maelezo atalazimika kuusoma msimbo ili ajue pengo hujazwa na nini. Matoleo mapya ya Linux hutoka takriban kila wiki tisa au kumi, na kila mara orodha mbili zitapaswa kulinganishwa, ujumbe uliobadilika utolewe, na fasili yake iandikwe upya au iachwe. Bajeti ya uswahilishaji isiyo na fungu la kazi hiyo ya kila baada ya wiki kumi itakuwa imelipia toleo moja la kiini, ambalo litakuwa limezeeka kabla kitabu hakijatoka kiwandani.